Eti PS5 imefika mwisho? Njooni tuongee kuhusu kikomo cha mashine za gemu

#1 Mzee wa Pedi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Nina banda la gemu Nkuhungu, hapa hapa Dodoma. Nilianza 2012 na PS2 mbili na TV za chogo. Leo zipo PS4 nne, PS5 moja, na PS2 moja ambayo sitaiuza. Jumamosi iliyopita vijana wawili walibishana mpaka waliokuwa wanacheza wakaweka pedi chini wasikilize. Mmoja anasema PS5 wameshaikamua yote, hakuna kilichobaki, ndiyo maana Sony wakatoa PS5 Pro Novemba 2024. Mwenzake anasema mashine bado mbichi kabisa, Sony wanatafuta hela tu. Mwisho wakanigeukia: "Kaka, wewe ndiye mwenye banda, amua."

Niliamua kwa sentensi mbili kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Usiku nikaona sikuwatendea haki. Hili jambo nimeliwaza miaka mingi nikiwa nimekaa nyuma ya migongo ya watu wanaocheza, kwa hiyo leo naliweka lote mezani.

Tuanzie kwenye neno lenyewe, kikomo. Mashine ya gemu si debe linalojaa polepole kwa miaka saba. Inajaa na kumwagwa mara 60 kila sekunde. Gemu ya mpira inayokwenda fremu 60, yaani picha 60 kwa sekunde, ina milisekunde 16 na ushee kwa kila picha. Ndani ya muda huo mashine isome pedi mbili, iwasogeze wachezaji 22, ipige hesabu mpira unadunda wapi, iamue kipa aruke upande gani, ichore nyasi, vivuli, jezi na mashabiki, kisha ipeleke picha kwenye TV. Ikichelewa, picha ya zamani inabaki pale pale na wewe unaona mpira umeshtuka. Gemu ya fremu 30 inapewa milisekunde 33. Mtengenezaji yeyote anayeijua kazi anaujaza muda huo tangu gemu yake ya kwanza. Kwa hesabu hiyo PS5 "ilifika mwisho" Novemba 2020, mwezi ule ule iliotoka. Cha kuuliza ni huo muda uliojaa, umejaa nini?

Mjomba wangu alikuwa anapakia kreti za zabibu Hombolo msimu wa mavuno. Vijana wapya wakipakia lori wanakwambia limejaa. Anapanda mwenyewe, anashusha safu mbili za nyuma, anazigeuza kreti ubavu, anaziba mianya ya pembeni, na zinaingia kreti nyingine kumi na kitu bila zabibu kupondeka. Wale vijana hawakudanganya. Lori lilikuwa limejaa kweli, ila sehemu yake lilikuwa limejaa hewa.

Sasa chukueni PS2. Ilitoka Japani Machi 2000. Memori kuu (RAM) ni megabaiti 32, na chipu ya michoro ina megabaiti 4 zake. Simu ya memori ya GB 4 ambayo wengi mnasomea uzi huu ina mara 128 ya hizo 32. Humo humo, mwaka 2004, Rockstar, wenye gemu za GTA, wakaingiza GTA: San Andreas: miji mitatu, mashamba na jangwa. Waliwezaje? Nchi nzima haimo ndani ya memori. Kilichomo ni kipande kinachokuzunguka. Unavyoendesha, DVD inasoma kipande cha mbele na cha nyuma kinafutwa. Kuna kitu kila aliyecheza GTA za PS2 alikiona: unapata gari ulilolitafuta mtaa mzima bila kuliona, na ukishaliingia tu, yanatokea mengine kama hilo kila kona. Utotoni tulidhani gemu inatutania. Kumbe memori inabeba aina chache tu za magari kwa wakati mmoja, na la kwako limeshapakiwa, basi gemu inalitumia hilo hilo kujaza barabara. Siku nilipolielewa hilo niliitazama ile PS2 yangu kwa heshima nyingine.

Na bado PS2 hiyo hiyo ilikuwa na sehemu zilizolala. Prosesa yake, Emotion Engine, ina vitengo viwili vya hesabu, VU0 na VU1. VU1 ilibeba kazi kubwa ya kuandaa maumbo ya kuchorwa. VU0 gemu nyingi ziliiacha karibu bure, kwa sababu kuiandikia programu kulikuwa kugumu na miradi ina tarehe ya mwisho. God of War II ilitoka 2007, PS3 ikiwa tayari dukani. Iweke kando ya gemu za 2001 utadhani ni mashine mbili tofauti.

PS3 ndiyo mfano ninaoupenda kuliko yote, maana hapo watu walitaja asilimia kwa midomo yao. Prosesa ya Cell ilikuwa na kiini kikuu kimoja na viini vidogo vya hesabu, SPU, ambavyo gemu iliruhusiwa kutumia sita. Studio ya Naughty Dog walisema gemu yao ya Uncharted ya kwanza, ya 2007, ilitumia kama asilimia 30 ya uwezo wa hizo SPU. Ya pili, ya 2009, wakasema wametumia asilimia 100. Ungedhani hapo habari imekwisha. Studio ile ile, kwenye PS3 ile ile yenye megabaiti 256 za memori kuu na 256 za michoro, ikatoa The Last of Us Juni 2013, na hakuna aliyeshika pedi ya gemu zote mbili atakayekwambia zinalingana. Asilimia 100 ya 2009 ilikuwa kweli. Viini vyote vilikuwa kazini. Kilichofuata ni kazi zenyewe kupangwa upya. Kwenye God of War III ya 2010, kazi ya kulainisha kingo za picha, zile ngazi ngazi unazoziona kwenye mstari wa mshazari, ilitolewa kwenye chipu ya michoro ikapewa SPU. Chipu ikapata nafasi ya kuchora vingine, na kingo zikatoka laini kuliko mwanzo. Hayo ndiyo ya mjomba na kreti.

Mfano wa karibuni zaidi. Baldur's Gate 3 iliingia PS5 Septemba 2023. Xbox wakasubiri mpaka Desemba, kwa sababu Xbox Series S ina GB 10 za memori wakati Series X ina 16, na kuwaweka watu wawili kwenye skrini moja iliyogawanywa kulikataa. Ikatoka kwenye Series S bila skrini ya kugawana. Watu wakafunga mjadala kwamba hapa ndipo mwisho wa kale kamashine. Aprili 2025 Larian, watengenezaji wa gemu hiyo, wakaleta maboresho yao ya nane, na skrini ya kugawana ikaja kwenye Series S. GB ni zile zile 10. Mwenye banda anajua uzito wa jambo hili, maana riziki yetu ni watu wawili mbele ya skrini moja.

Turudi kwa kijana wa PS5 Pro. Hakukosea kabisa. Ukitaka kujua mashine inabana wapi, angalia wenyewe wameongeza nini walipopata nafasi. Sony walitaja vitengo vya michoro vimeongezeka asilimia 67, memori ina kasi zaidi kwa asilimia 28, na uchoraji unaweza kuongezeka kasi hadi asilimia 45. Wakaweka na PSSR, akili bandia inayoikuza picha ndogo iwe kali. Prosesa wakaiacha ya familia ile ile, Zen 2 ya viini 8. Maana yake panapobana ni kwenye michoro: watu wanataka miale ya mwanga, picha kali na fremu 60, vyote kwa pamoja. Hicho ni chumba kimoja cha nyumba.

Chumba kingine hakijakaliwa vizuri. Machi 2020 Mark Cerny, msanifu mkuu wa PS5, alieleza kwamba diski ya kuzunguka ya PS4 ilisoma megabaiti 50 hadi 100 kwa sekunde, na kwa sababu kichwa cha diski kinapoteza muda kikitembea, watengenezaji walirudia data ile ile sehemu nyingi ili iwe karibu. Kwenye Spider-Man ya 2018 kuna vipande vya data vilivyorudiwa mara 400. SSD ya PS5, diski isiyozunguka, inasoma GB 5.5 kwa sekunde kabla hata ya kuhesabu kubanwa kwa data. Lakini Horizon Forbidden West na God of War Ragnarök, zote za 2022, zilitoka pia kwenye PS4, kwa hiyo zilisanifiwa ziweze kuishi na diski ile ya zamani. Ratchet & Clank: Rift Apart ya 2021 ni kati ya chache za mapema zilizothubutu kukurusha kutoka dunia moja hadi nyingine katikati ya mchezo bila kukusubirisha. Miaka miwili mitatu ya mwanzo PS5 ilitembea imeshikana mkono na mzee wake.

Basi msimamo wangu: chuma kina kikomo na hakisogei. Kinachosogea ni ujuzi wa kupanga. Na kinachoisha kabla ya chuma ni muda na hela za timu. Nyaraka zilizofika mahakamani Marekani mwaka 2023 zilionyesha The Last of Us Part II iligharimu dola milioni 220 na Horizon Forbidden West milioni 212. Kwa gharama hizo, nani atampa mhandisi miezi sita ya kutafuta hewa iliyobaki kwenye lori?

Karibuni. Nawaomba hasa mafundi na vijana wa Udom (Chuo Kikuu cha Dodoma) mseme chochote.

#2 Kijana wa Kondoa

Mkuu ile ya magari ya GTA umenirudisha darasa la tano. Tulikuwa tunamwambia mwenzetu "chukua ile ya michezo ili zijae". Tulikuwa tunajua inatokea, hatukujua kwa nini.

#3 Mtani wa Chamwino

Mleta uzi nakuheshimu, uzi umeshiba. Ila kuna mahali umeteleza. Unaongea kama ujuzi hauna dari. Dari ipo, nakupa mfano mmoja tu.

Cyberpunk 2077 ilitoka Desemba 2020. Kwenye PS4 ya kawaida ilikuwa hali mbaya mpaka Sony wakaiondoa kwenye duka lao mwezi huo huo, ikarudi Juni 2021. Wale jamaa wa Poland walioitengeneza hawakukaa bure, waliirekebisha na kuirekebisha tena. Kwa maneno yako walipanga kreti upya kwa karibu miaka mitatu. Sasa Septemba 2023 wakatoa nyongeza, Phantom Liberty. Ilikuja PS5, Xbox Series na kompyuta. PS4 haikupewa, na yale maboresho makubwa ya 2.0 haikupewa pia. Viini 8 vya prosesa yake, Jaguar, vinakwenda gigahezi 1.6 na diski ni ya kuzunguka. Ukitaka mji uliojaa watu na magari yanayokimbia, hapo hakuna kugeuza kreti ubavu. Lori ni dogo, mkuu.

Naogopa uzi kama huu ukisomwa haraka, mtu mwenye PS4 ataanza kuwalaumu watengenezaji wote kwamba ni wavivu. Wapo wanaokesha na chuma kinawakatalia.

#4 Mzee wa Pedi (mleta uzi)

Mtani, hapo umenishika na nakubali. Neno uvivu sikulisema na sitaki lisemwe kwenye uzi huu. Watu wale wanakesha kweli.

Umenifanya nifikiri tena, na naona kuna kazi za aina mbili ndani ya fremu. Kazi za kuchora unaweza kuzipunguza na gemu ikabaki gemu ile ile. Shusha ukali wa picha, sogeza ukungu karibu, punguza majani. The Witcher 3 iliingia Nintendo Switch mwaka 2019 kwa njia hiyo, kwenye mashine ya mkononi yenye memori ya GB 4. Picha ina ukungu ukungu, lakini ukicheza ni Witcher kamili, kila kijiji kipo.

Kazi za aina ya pili ni zile ambazo ndizo gemu yenyewe: watu wangapi wako sokoni na kila mmoja anaamua nini, magari mangapi barabarani, ukuta unavunjika vipi. Hizo ukizipunguza umetengeneza gemu nyingine. Mji wa Cyberpunk ukiwatoa watu wake si mji tena. Kwa hiyo dari uliyoisema ipo, na iko kwenye prosesa na diski zaidi kuliko kwenye michoro. Ajabu ni kwamba wateja wanahukumu kwa macho, wanaangalia picha, wakati dari ya kweli iko mahali ambapo jicho halioni.

#5 Fundi Majengo

Habari zenu. Mimi nafungua mashine kila siku, nitaongea ya mikononi.

Mwezi wa kumi mwaka jana kaletwa PS4 na kijana wa Chang'ombe. Maneno yake: "Fundi, gemu mpya zimezidi nguvu za mashine, inazima." Ameshaamua auze. Nikaiwasha hapo hapo mezani. Feni ikaanza kupanda, dakika kumi inavuma mpaka tunaongea kwa kupaza sauti, kisha ujumbe wa joto, kisha giza. Nikafungua mfuniko. Kwenye mapezi ya chuma cha kupozea kulikuwa na zulia. Sisemi vumbi, nasema zulia, nililishika kwa ncha ya bisibisi likatoka kipande kizima, jekundu kama udongo wa Nzuguni. Chini yake ile pesti ya kati ya chipu na chuma imekauka imekuwa unga. Nimesafisha, nimepaka pesti mpya, nimeirudisha. Gemu ile ile iliyokuwa inaizima ikacheza saa mbili, feni unaisikia kwa mbali.

Kwa hiyo kabla hatujajadili kikomo cha watengenezaji, hapa kwetu kuna kikomo cha vumbi. Kuanzia Juni mpaka mvua zinyeshe, mashine inayokaa chini kwenye sakafu inavuta vumbi kutwa. Iweke juu ya meza, mbali na mlango, usiifunike kitambaa ikiwa inafanya kazi, na kila miezi sita ipeleke ikafunguliwe. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo nao unaua, weka stebilaiza.

Jambo moja zuri kuhusu PS5 ambalo mleta uzi hakuligusa. Cerny alieleza kwamba kasi ya chipu zake haiamuliwi na joto la chumba. Inaamuliwa na aina ya kazi chipu inayofanya wakati huo, ili PS5 zote duniani zifanane. Michoro inafika gigahezi 2.23, prosesa 3.5, na kazi ikiwa nzito sana inashuka kidogo. Maana yake PS5 ya Dodoma mwezi wa kumi na moja, jua la saa nane, na PS5 ya nchi ya theluji zinatoa fremu zile zile. Ikizidi joto kabisa itakuonya na kuzima, lakini haitakuchezesha gemu ya daraja la pili kimya kimya. Mimi kama fundi wa sehemu ya joto, hilo lilinifurahisha.

#6 Binti Udom

Shikamoo Mzee wa Pedi, shikamoo Fundi. Nimesoma uzi wote nikiwa kwenye daladala ya kutoka Jamatini.

Mimi nasomea programu na mwaka jana nilitengeneza gemu ndogo ya simu kwa ajili ya mradi wa darasa. Mtoto anachunga mbuzi, anawavusha korongo kabla mvua haijashuka. Niliilenga simu za bei ya chini, fremu 30, kwa hiyo nilikuwa na milisekunde 33. Kwenye kompyuta yangu ilikwenda vizuri. Kwenye simu ya mdogo wangu ikawa inajivuta, fremu 11 au 12. Nikasema simu imefika mwisho. Nikaanza kukata: nikapunguza majani ya mibuyu, nikatoa vivuli, nikafanya mawingu yawe picha moja. Ikafika 14. Nilikaribia kulia, maana gemu imekuwa mbaya na bado inajivuta.

Mwalimu wangu akaniuliza swali moja tu: "Umepima?" Sikuwa nimepima. Kuna programu ya kupimia ambayo inakuonyesha kila milisekunde imekwenda wapi. Nikaiwasha. Mibuyu, vivuli na mawingu vyote pamoja vilikuwa vinachukua sehemu ndogo. Muda ulikuwa unaliwa na mbuzi. Nilikuwa na mbuzi 40, na kila mbuzi alikuwa anatafuta njia yake upya, kutoka mwanzo hadi mwisho, katika kila fremu. Mara 40, kila fremu, hata mbuzi aliyesimama anakula.

Nikawawekea zamu. Mbuzi 4 kwa fremu moja, wanaofuata fremu inayofuata. Baada ya fremu 10 wote wamepata zamu, hiyo ni kama theluthi moja ya sekunde, na hakuna binadamu anayegundua kwamba mbuzi amefikiri theluthi ya sekunde nyuma. Ikapanda mpaka 30 na ikatulia. Nikarudisha vivuli. Nikarudisha majani. Bado 30.

Ninachotaka kuongeza ni hiki. Sisi wachezaji tunaona gemu inajivuta tunasema mashine. Hata mimi niliyeiandika kwa mkono wangu nilisema mashine. Bila kipimo, hata mwenye gemu hajui. Kwa hiyo wale wa studio kubwa wakisema "tumefika asilimia 100", mimi nauliza ya nini? Mbuzi wangu nao walikuwa wanaitumia simu asilimia 100.

#7 Kijana wa Kondoa

Dada hao mbuzi nimewapenda. Gemu yenyewe inapatikana wapi?

#8 Binti Udom

Bado kaka, nairekebisha sauti. Ikikamilika nitaiweka hapa bure.

#9 Singida Kwetu

Naomba niongeze la upande wa pili, mashine kubwa na kazi ikaharibika. Mnakumbuka 2021 walivyotoa San Andreas mpya kwa mashine za kisasa? Ile ya PS2 ilikuwa na utusitusi kwa mbali, rangi ya machungwa jioni. Utusi ule ulikuwa unaficha kwamba PS2 haiwezi kuchora mbali. Kwenye mpya mashine inaweza, wakauondoa. Ukipanda ndege ukatazama chini, nchi yote unaiona, na ghafla ni kijisehemu kidogo, mji na mji zimebanana. Watu walilalamika sana. Mwaka 2024 wakaleta maboresho yaliyorudisha mwanga wa zamani. Kumbe kile kizuizi ndicho kilichoifanya nchi ionekane kubwa. Nililelewa Manyoni, najua barabara ndefu ambayo huoni mwisho wake kwa sababu ya vumbi. Ukiiona yote kutoka mlimani inapoteza kitu.

#10 Nkuhungu Finest

Mimi ndiye niliyesema PS5 imekamuliwa. Nimesoma mpaka mwisho. Kaka Mzee wa Pedi, nakubali nilichanganya michoro na mashine nzima. Ila nina swali la kweli: tutajuaje siku ikifika? Lazima kuna siku inafika.

#11 Mzee wa Pedi (mleta uzi)

Swali zuri mdogo wangu, na sina kipimo cha uhakika, nina namna yangu ya kutazama. Chukua studio moja, mashine moja, gemu ya kwanza na ya mwisho. Kama ya mwisho inafanya kitu ambacho ya kwanza haikuweza, mbali na kung'aa zaidi, basi bado walikuwa wanajifunza. Kwenye PS3 pengo kati ya 2007 na 2013 linaonekana hata na bibi. Kwenye PS4 lilikuwa dogo zaidi, kwa sababu ndani yake ni kama kompyuta za kawaida ambazo watu walishazijua, hakukuwa na Cell ya kuwatesa. PS5 ni hivyo hivyo. Kwa hiyo nategemea pengo lake liwe dogo, na watu wengi watasema imeisha mapema kwa sababu tu haikuwa ngumu kujifunza. Nitakachokiangalia mimi ni idadi ya watu mtaani na kasi ya kupita mjini. GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series peke yake, bila mashine za zamani. Hiyo ndiyo nitaipima, na nitaipima kwa barabara zake kabla ya sura za watu.

Jumamosi saa kumi njoo bandani na mwenzako. Nitaiwasha PS2, sitawatoza. Tunaweka San Andreas, tunatafuta gari moja ambalo halijapita mtaani, tunaliingia, tunahesabu.

#12 Mzee wa Pedi (mleta uzi)

Mrejesho, wakuu. Jana walikuja wote wawili, na watoto wa jirani wakajaa mlangoni. PS2 ilichukua muda kusoma DVD, nikaogopa lenzi imekufa, kisha ikakubali. Nkuhungu Finest ndiye aliyeshika pedi. Alizunguka karibu dakika tano akitafuta gari jekundu la wazi ambalo hatukuliona likipita hata mara moja. Akalipata limeegeshwa, akaliingia, akakata kona mbili. La kwanza lilitokea kwenye taa za barabarani, la bluu. Akapunguza mwendo. La pili likatokea nyuma yake. Mtoto mmoja wa miaka kama saba, ambaye hajasoma uzi wowote, akanyoosha kidole kwenye TV: "Lile pale lingine!" Finest akaweka pedi magotini akaigeukia ile PS2, akaiangalia kwa muda bila kusema neno, kisha akaniuliza kama anaweza kuifungua aone ndani.

Nimempa bisibisi. Fundi Majengo, jumatatu tutapita kwako na maswali.